Vital Kamerhe: Mara mbili spika, mara mbili kujiuzulu

Tarehe 22 Septemba 2025, Vital Kamerhe alijiuzulu kwenye kiti cha spika wa Bunge la taifa mjini Kinshasa, wakati wabunge wenzake walikuwa wanajiandaa kupigia kura ombi la kumuondoa. Kwa wakaaji wa Bukavu, habari hiyo ilikumbusha mambo ya zamani. Mwezi Machi 2009, mwana huyo wa Kivu Kusini aliacha kiti hicho hicho, akisukumwa na watu wa kambi yake mwenyewe.

Ukifuata safari yake ya miaka zaidi ya 20, jambo moja linajirudia. Kivu ilimpa kura, lakini vyeo alivipata na kuvipoteza katika mapatano ya wakubwa, mahali ambapo mchaguzi hakuwepo.

Kutoka PPRD hadi upinzani

Kamerhe, aliyezaliwa Bukavu mwaka wa 1959, anazungumza lugha zote 4 za taifa. Alikuwa waziri wa habari katika serikali ya mpito iliyoanza mwaka wa 2003, kisha katibu mkuu wa PPRD, chama cha Rais Joseph Kabila. Mwaka wa 2006 alikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya Kabila, ambaye alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura za Kivu Kusini. Yeye mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Bukavu, na mwezi Desemba mwaka huo wabunge wakamchagua kuwa spika.

Miaka miwili baadaye mambo yaliharibika. Mwezi Januari 2009, askari wa Rwanda waliingia Kivu Kaskazini kwa operesheni ya pamoja na jeshi la Kongo dhidi ya waasi wa FDLR, iliyoitwa Umoja Wetu. Kamerhe alisema hadharani kwamba Bunge halikujulishwa. Kambi ya rais ilimtaka aondoke, naye akajiuzulu mwezi Machi. Mwaka wa 2010 alianzisha chama chake, UNC, na kujiunga na upinzani.

Kura za 2011

Katika uchaguzi wa rais wa tarehe 28 Novemba 2011, Kamerhe alikuwa wa tatu kwa asilimia 7,74, kulingana na tume ya uchaguzi CENI. Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48,95, na Étienne Tshisekedi wa pili kwa asilimia 32,33. Sehemu kubwa ya kura za Kamerhe ilitoka Kivu zote mbili, katika maeneo ambayo miaka 5 kabla yalimpa Kabila ushindi.

Lakini mwezi Januari mwaka huo katiba ilikuwa imebadilishwa na duru ya pili ikaondolewa. Chini ya sheria ya zamani, Kabila angelazimika kurudi kwa wachaguzi akiwa na Tshisekedi peke yake, na kura za Kamerhe zingetafutwa na pande zote mbili. Chini ya sheria mpya, kura hizo hazikuwa na bei yoyote siku ya pili.

Ndiyo maana tangu wakati huo Kamerhe alitafuta njia nyingine, yaani mazungumzo. Mwaka wa 2016 aliongoza upande wa upinzani ulioketi na serikali mjini Kinshasa chini ya usuluhishi wa Edem Kodjo. Wengi walimtazamia kuwa waziri mkuu, lakini nafasi hiyo ilipewa Samy Badibanga.

Geneva, Nairobi, Makala

Tarehe 11 Novemba 2018, huko Geneva, yeye na Félix Tshisekedi walikubali Martin Fayulu awe mgombea mmoja wa upinzani. Kesho yake wote wawili walijiondoa. Tarehe 23 Novemba, mjini Nairobi, Kamerhe alikubali kumuunga mkono Tshisekedi. Kulingana na mapatano hayo, yeye angekuwa waziri mkuu, na mwaka wa 2023 ingekuwa zamu yake kugombea urais.

Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38,57, lakini wabunge wengi walikuwa wa kambi ya Kabila, na nafasi ya waziri mkuu ikaenda huko. Kamerhe akawa mkurugenzi wa ofisi ya rais. Tarehe 8 Aprili 2020 alikamatwa na kupelekwa gereza la Makala kuhusu pesa za mpango wa siku 100. Mwezi Juni alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu. Katika rufaa, miaka hiyo ilipunguzwa kuwa 13. Yeye alikana mashtaka tangu mwanzo. Mwaka wa 2022 hukumu ilifutwa, kesi ikasikilizwa upya, na tarehe 23 Juni mahakama ikamwachilia huru.

Zamu ya 2023 ilipofika, hakugombea urais. Mwezi Machi aliingia serikalini kama naibu waziri mkuu na waziri wa uchumi, akamuunga mkono Tshisekedi tena. Katika uchaguzi wa mwezi Desemba, Bukavu ilimchagua mbunge kwa mara nyingine. Tarehe 22 Mei 2024, siku tatu baada ya nyumba yake ya Kinshasa kushambuliwa kwa silaha, alirudi kwenye kiti cha spika kwa kura 371 kati ya 407.

Wachaguzi wamebaki wapi?

Wabunge hao hao ndio waliotia saini ombi la kumuondoa mwaka mmoja na miezi minne baadaye. Mwezi Novemba 2025 walimchagua Aimé Boji, naye pia mtu wa Kivu Kusini aliyetoka UNC. Kwa hiyo kiti kimebaki upande wa mashariki, bila wachaguzi wa mashariki kuulizwa neno.

Na hali yao leo ni ngumu kuliko mwaka wa 2006. Watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura mwaka wa 2023 kwa sababu ya vita. Bukavu yenyewe iko mikononi mwa M23 tangu Februari 2025, na mbunge anayetaka kutoa hesabu kwa watu waliomchagua hawezi kufanya mkutano Kadutu au Ibanda. Vitu viwili ambavyo Kamerhe alipata kwa wananchi moja kwa moja, mwaka wa 2006 na 2023, vilikuwa viti vya mbunge wa Bukavu. Kabla ya uchaguzi ujao wa mwaka wa 2028, swali la kwanza ni kama mji huo utaweza kupiga kura.