Chuma cha Vitumbua si Jambo Dogo

Mtu akiharibikiwa na jambo lake husema kitumbua chake kimeingia mchanga. Hapana shaka waliotuachia msemo huu walijua thamani ya kitumbua. Leo tunapenda kuzungumza na wananchi wenzetu wa Unguja na Pemba, na hususan viongozi wenye dhamana ya kuvisaidia vikundi vya akina mama, juu ya kitumbua chenyewe na juu ya chuma kinachokipika.

Tulipata kukaa alfajiri moja na kikundi cha akina mama wanaoendesha maisha yao kwa kazi hii. Walikuwa wamepewa vyuma kumi vipya na ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, kwani nia yake ilikuwa njema. Vyuma hivyo ni vyepesi, vya alumini nyembamba, vinang'aa kama sahani za harusi. Vyote kumi tulivikuta uvunguni. Mama mmoja akatuonyesha sababu bila ya maneno mengi: alipika katika chuma kipya, kisha akapika katika kile alichorithi kwa mamake. Vitumbua vya mwanzo viliungua chini ilhali katikati vikabaki uji. Vya pili vilitoka na rangi ya dhahabu, vyepesi, vyenye vitundu ndani kama sega la nyuki.

Sababu yake si uchawi. Chuma cha kusubu, kilicho kizito, huchelewa kupata moto, walakini kikishaupata huuhifadhi. Unga wa baridi unapomiminwa hakishtuki. Alumini nyembamba hupoa mara moja, kisha ikachoma pale tu ambapo makaa yamekusanyika. Hata Ubelgiji, wanakooka mikate ya wafeli baina ya bamba mbili za chuma zenye vijumba vya mraba, kanuni ni hiyo hiyo.

Basi anayenunua na akinyanyue kwanza. Kikiwa chepesi mkononi, akirudishe. Avipapase vishimo kwa kidole: viwe laini, na vyote viwe na kina kimoja, la sivyo kimoja kitaiva na jirani yake bado. Akigonge kidogo, kwani chuma chenye ufa hulia sauti iliyokufa. Kikifika nyumbani kioshwe, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta kwa wembamba na kupashwa moto, na kazi hiyo irudiwe mara tatu au nne mpaka kiwe cheusi na kulainika. Tangu siku hiyo kisisuguliwe kwa mchanga wala kisimwagiwe maji baridi kingali cha moto, kitapasuka.

Ama unga, hapo ndipo pupa inapowaponza wengi. Vikombe viwili vya mchele huoshwa na kurowekwa usiku kucha, kisha husagwa pamoja na tui zito, kiasi cha kikombe kimoja na robo, mpaka chenga zisisikike baina ya vidole. Hutiwa nusu kikombe cha sukari, kijiko kidogo cha hamira na nusu kijiko cha iliki, ukaachwa uumuke hadi upande na kutoa mapovu. Wako wanaozidisha unga wa ngano ili kupunguza mchele. Hatuwalaumu sana, kwa kuwa mchele mwingi tunaokula Visiwani hutoka nje na bei yake haiko mikononi mwao. Lakini kitu kile si kitumbua tena, na mlaji anajua.

Chuma kipate moto wa wastani, kila kishimo kitiwe mafuta kidogo, na unga usijae mpaka ukingoni. Kitumbua kigeuzwe pale kando zake zinapokauka na katikati kungali kumelegea kidogo. Kugeuza kwa kijiti kimoja bila ya kukipasua ni mkono, na mkono haununuliwi dukani.

Tunarudi kwa viongozi wetu. Kabla ya kutia saini hati ya kununua vifaa, waitwe wapishi wawili ghalani, wavinyanyue vyuma hivyo na kuvigonga. Kwa fedha zilizonunua vyuma kumi vyepesi huenda vikapatikana vizito vichache tu, na katika taarifa ya mwaka idadi hiyo haitapendeza. Hilo ni la karatasi. Kikundi tulichokitembelea kina wapishi saba na vyuma viwili vizito, nao hupokezana. Wa zamu ya mwisho hufika barazani na beseni lake wakati wateja wa chai ya asubuhi wamekwisha ondoka.