Upande wa Mshale: Kuzisoma Alama za Kale za Uchomeleaji

Kibaigwa, katika Wilaya ya Kongwa, yajulikana kwa soko la mahindi kuliko kwa kazi za chuma. Walakini magunia hayafiki sokoni pasipo tela, wala tela halidumu pasipo fundi wa kuchomelea. Na fundi huyo aletewapo mchoro wa zamani, kazi yake haiko mbali na ya msomaji wa hati za kale. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi moja ya be yaweza kusomwa b, p au mb, na msomaji hana budi kuijua desturi ya mwandishi. Michoro nayo ina desturi zake.

Alama ya uchomeleaji ni mshale ugusao kiungo, ulioungwa na mstari mlalo. Pembetatu ndogo kwenye mstari huo huonyesha mchomo wa kujaza kona. Kwa desturi ya Marekani, pembetatu ikiwa chini ya mstari, mchomo ni wa upande uguswao na mshale. Ikiwa juu, ni wa upande wa pili. Kwa desturi iliyoenea Ulaya mistari ni miwili, mmoja mzima na mmoja wa vipande-vipande, na pembetatu iliyokaa kwenye mstari mzima ndiyo ya upande wa mshale. Sasa, mchoro ukinakiliwa mara nyingi, mstari wa vipande ndio hufifia kwanza. Hubaki mstari mmoja na pembetatu juu yake, na wasomaji wawili hodari watachomelea pande mbili tofauti. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 ilizikubali desturi zote mbili, mradi mchoro utaje unaoifuata. Michoro ya kale haitaji.

Mpaka miaka ya 1940 Wamarekani walisema pia "upande wa karibu" na "upande wa mbali". Mjuzi wa Kiswahili ataiona kasoro mara moja: huku na kule hutegemea asimamapo msemaji, ilhali mshale hauhami.

Mchanganyiko huu si mgeni Kongwa. Mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulileta huko mitambo ya Uingereza na mabaki ya vita ya Marekani, hata vifaru vilivyogeuzwa matrekta.

Tarakimu ina hatari zaidi. "6" pasipo herufi yaweza kuwa milimita za mguu wa mchomo, yaani upana wake juu ya bamba, au za unene wake kutoka pembe ya ndani hadi usoni. Mguu wa 6 hutoa unene wa 4.2 tu, unene wa 6 wataka mguu wa 8.5 hivi. Aliyekosea hapo amepunguza karibu theluthi ya nguvu, na jicho halitambui.

Hivyo fundi hutazama kwanza tarehe ya mchoro, nchi ulikotoka, na kama vipimo ni vya inchi au milimita. Kisha hutafuta herufi a, ya unene, au z, ya mguu. Chombo cha zamani kikiwapo, mchomo wake hupimwa. Kisipokuwapo, mchoraji huulizwa kabla moto haujawashwa.