Kijana Wetu Akivaa Jezi ya Wengine



Safari hii tumeonelea tuzungumze juu ya jambo linaloleta ugomvi vijijini lakini haliandikwi kwenye kumbukumbu za mikutano. Kikundi cha kina mama kinachanga pesa za mpira na njumu. Mzee mmoja anatoa upande wa shamba lake la minazi uwe uwanja. Vijana wanafanya mazoezi kila jioni, timu inapata jina. Halafu mashindano ya kushindania ng'ombe yakikaribia, yule mfungaji wetu hodari anaonekana Ukunda akichezea timu nyingine. Kijiji chawaka moto! "Tumemlea, sasa ametuuza." Wengine wanataka arudishe njumu. Wengine wanasema hata mamake asipewe mkopo wa kikundi, kana kwamba mama ndiye aliyepiga ule mpira.

Je, kijana huyo ni msaliti? Sisi twaona swali lenyewe limeulizwa upande mmoja tu. Tunauliza yeye anatuwia nini, hatuulizi sisi tulimfanyia nini.

Mapenzi ya mchezaji kwa timu hayaji kwa damu peke yake. Yanakua kwa vitu vidogo vidogo: nani alimpa nauli ya matatu kwenda Msambweni, nani alimpeleka hospitali alipoumia goti, nani alimwekea chakula mechi ilipochelewa kuisha, nani alimjua kwa jina hata alipokuwa akikaa benchi. Na mapenzi hayo si kama unga wa kupima kwa kibaba, kwamba ukimgawia huyu yule anapungukiwa. Mtu aweza kuipenda timu ya kijiji, ya shule, klabu yake na taifa, zote pamoja.

Hebu tuangalie jirani zetu wa ng'ambo ya maji. Watu wa Shimoni na Vanga wanaijua Pemba vizuri, na wengine wana ndugu huko. Mchezaji wa Pemba au Unguja huitwa Taifa Stars ya Tanzania kucheza mechi za kombe la dunia, kwa sababu Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Lakini yakija mashindano ya CECAFA, anaweza kuvaa jezi ya Zanzibar Heroes na kupambana na hao hao wa Tanzania Bara aliocheza nao. Mwaka 2017 Zanzibar ilifika fainali hapa hapa Kenya, mjini Machakos. Mchezo ulikwisha mabao 2 kwa 2, Harambee Stars ikashinda kwa penalti. Mwaka huo huo Zanzibar ilikuwa imepokewa na CAF mwezi wa tatu, kisha ikaondolewa mwezi wa saba. Hata hivyo wachezaji hawakukosa kitu cha kupigania. Jezi mbili, moyo mmoja, na hakuna aliyewaita wasaliti.

Kesi ngumu zaidi ni ya Stephen Cherono, mkimbiaji wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kakake mkubwa, Christopher Kosgei, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo mwaka 1999, akiwa na jezi ya Kenya. Mwaka 2003 Cherono alihamia Qatar, akapewa uraia na jina jipya: Saif Saaeed Shaheen. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba aliahidiwa dola 1,000 kila mwezi maisha yake yote. Wiki chache tu baadaye alishinda ubingwa wa dunia mjini Paris, akimtangulia Ezekiel Kemboi wa Kenya. Bendera iliyopanda ikawa ya Qatar.

Wakenya walikasirika sana. Sheria ya Olimpiki ilisema aliyebadili nchi angoje miaka 3, ila nchi yake ya zamani ikikubali kumwachilia mapema. Kenya ilikataa. Basi Athens mwaka 2004 Shaheen hakukimbia, na Wakenya watatu, Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech, wakachukua dhahabu, fedha na shaba. Siku chache baadaye, huko Brussels, Shaheen akaweka rekodi ya dunia ya dakika 7 na sekunde 53.63, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2023.

Nani alishinda hapo? Kila mmoja atajibu kivyake. Lakini tusisahau kwamba siku zile sheria ya Kenya haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; kuchukua wa pili kulikuwa ni kuupoteza wa kwanza. Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha hayo. Sasa Mkenya wa kuzaliwa habaki bila Ukenya kwa sababu tu ya kupata pasi ya nchi nyingine. Na shirikisho la riadha la dunia, baada ya kusimamisha uhamisho wote mwaka 2017, lilitoa masharti mapya mwaka 2018: mkimbiaji awe amefikisha miaka 20, angoje miaka 3, na asihame nchi ila mara moja tu. Hiyo ni kuzuia nchi tajiri zisinunue watoto. Twaona ni sheria njema.

Sasa turudi Kwale, maana hapa kuna funzo ambalo Nairobi hawalijui vizuri. Tunao majirani walioipenda Kenya kabla Kenya haijawatambua. Wamakonde wa Msambweni, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walikaa miaka mingi bila kitambulisho. Mwezi wa kumi mwaka 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi walingoja hadi mwaka 2023.

Fikirini kijana wa jamii hizo wakati ule, mwenye mguu wa kushoto wa ajabu. Moyoni ni Mkenya. Lakini mtu mzima bila kitambulisho hapati pasipoti, na bila pasipoti hawezi kusafiri na timu ya taifa. Huyo uzalendo wake ungeuonea wapi, kama si kushangilia redioni?

Basi vikundi vifanye nini? Kwanza, msimfunge mchezaji kwa njumu. Mkimpa kitu, semeni tangu mwanzo kama ni zawadi au ni cha timu kirudi msimu ukiisha, na iandikwe. Ugomvi mwingi tunaousikia unatokana na kutoandika, si usaliti.

Pili, isajilini timu, na wachezaji wasajiliwe kwa jina la timu hiyo, katika shirikisho la mpira la Kenya. FIFA ina sheria ambayo vijiji vingi havijaisikia. Klabu ya nchi moja ikimnunua mchezaji kutoka klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya bei hutengwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni robo ya asilimia 1. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 ni nusu ya asilimia. Kwa mfano, kijana aliyekuchezeeni akiwa na miaka 16 na 17 akiuzwa kwa shilingi milioni 10, fungu lenu ni shilingi 100,000. Ni kisima au kuku wa kufuga! Lakini msianze kuzihesabu. Wanaouzwa ng'ambo ni wachache mno, na timu isiyosajiliwa haipati hata senti.

Katibu anunue kaunta buku. Aandike jina la mchezaji, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, tarehe aliyojiunga na aliyoondoka, na nakala ya fomu ya usajili ibandikwe hapo. Na yule asiye na cheti cha kuzaliwa, mzazi wake aanze kukishughulikia kwa chifu sasa hivi, kijana akiwa na miaka 14, asingoje afikishe 18 na siku ya safari imeshafika.