Kupima Maneno ya Unabii

Sola ni mahali katika mkoa wa Simiyu, katika nchi ya Wasukuma. Watu wa nchi hiyo hulima pamba, mahindi na mtama, nao hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua ikichelewa, majani hukauka na ng'ombe hukonda. Ndipo kila mtu hutamani kujua mambo yatakayokuja. Wakati kama huo mtu akisimama na kusema, "Mungu amenionyesha," masikio yote humwelekea. Je, Mkristo afanye nini? Aamini mara moja, au acheke na kwenda zake?

Kwanza yafaa kutofautisha unabii na uaguzi. Tangu zamani Wasukuma walikuwa na waaguzi waliopasua kuku na kutazama matumbo yake. Mwenye shida alimwendea mwaguzi, akauliza neno lake, akatoa malipo. Nabii wa Biblia hakuwa hivyo. Yeye alitumwa kwa watu wasiomwita, na mara nyingi aliwaambia neno wasilopenda. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo, wala hakufanya unabii kuwa kazi ya kumpatia chakula. Tena kazi kubwa ya manabii haikuwa kutabiri tu, bali kuwarudisha watu katika haki na kumcha Mungu.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Thesalonike wasiudharau unabii, lakini wapime mambo yote. Basi kukataa kila neno ni kosa, na kukubali kila neno ni kosa vile vile. Viko vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni mafundisho. Sheria ya Musa ilisema kwamba nabii akitoa ishara, nayo ikatokea, lakini akawavuta watu wafuate miungu mingine, wasimsikilize. Kwa hiyo hata muujiza hautoshi.

Kipimo cha pili ni kutimia. Katika siku za Yeremia, Hanania aliwaambia watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika miaka miwili. Neno hilo lilikuwa tamu, lakini halikuwa kweli. Utamu wa neno si ushuhuda wake.

Kipimo cha tatu ni matunda. Yesu alifundisha kwamba manabii wa uongo watatambulikana kwa matunda yao, kama mti. Ni nani apataye faida kwa neno lile? Nabii Agabo alitabiri njaa kuu, nayo ikaja wakati wa Kaisari Klaudio. Wakristo wa Antiokia walipolisikia neno hilo, kila mtu alitoa kwa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Yudea kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Mali haikuingia mkononi mwa Agabo, bali iliwafikia wenye shida.

Kipimo cha nne ni shauri la kanisa. Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Nabii wa kweli haogopi kuulizwa.

Mambo yaliyotokea Kanungu, katika nchi ya Uganda, yaonyesha hatari ya kuacha vipimo hivi. Huko viongozi wa dini moja walisema kwamba Bikira Maria amewatokea, na kwamba dunia itakwisha mwishoni mwa mwaka 1999. Wafuasi waliuza mashamba na mifugo yao, wakawapa viongozi mali. Walikatazwa kuzungumza, wakawa wakionyeshana kwa ishara za mikono. Siku ile ikapita, na jua likachomoza kama kawaida. Wengine walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la sala, na baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa katika makaburi ya siri.

Watazame wasomaji jambo hili kwa makini. Kipimo cha kutimia peke yake hakikuwaokoa watu wale, kwa maana siku ilipopita, mali ilikuwa imekwisha kwenda. Lakini vipimo vingine vilikuwapo tangu mwanzo. Yesu alisema kwamba siku ya mwisho haijulikani na mtu ye yote. Mali ilikwenda kwa wale waliotabiri. Na penye kinywa kilichofungwa hapana awezaye kuuliza.

Basi mtu akiambiwa auze ng'ombe kwa neno la nabii, au amwache mgonjwa asipelekwe hospitali, au afiche jambo lisijulikane kwa jamaa zake, na asimame kwanza. Na aulize wazazi, mwalimu na wazee wa kanisa, na alinganishe neno lile na Biblia. Kufanya hivyo si ukosefu wa imani. Dhahabu hupimwa kwa sababu ina thamani, na neno lisemwalo kwa jina la Mungu lina thamani kupita dhahabu.

Maswali
1. Unabii na uaguzi hutofautianaje?
2. Wakristo wa Antiokia walifanya nini waliposikia neno la Agabo?
3. Kwa nini kungoja neno litimie hakutoshi?