Safari ya Kinyama kutoka Bariadi

Mgonjwa aliyekatwa kinyama mjini Bariadi huuliza swali ambalo wengi wetu hulijibu kwa haraka mno: kwa nini majibu ya damu hutoka siku ileile, na haya yasubiriwe kwa wiki? Akiambiwa tu kwamba maabara ina kazi nyingi, hurudi kwao Itilima au Meatu akiwa na shaka, na shaka ikikaa sana huzaa uamuzi wa kutorudi. Uvimbe haumsubiri. Swali lake linastahili jibu kamili, na jibu hilo limo mikononi mwa mtu ambaye mgonjwa hatamwona kamwe: mtaalamu wa maabara ya patholojia, yule anayekigeuza kipande cha nyama kuwa kitu kinachosomeka.

Damu ni majimaji. Tone lake likipakwa juu ya kioo, seli hutawanyika zenyewe na mwanga wa hadubini hupita. Kinyama ni pande. Hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama, mwanga haupiti. Ni sharti kikatwe utando wenye unene wa maikromita 3 hadi 5, ilhali unywele mmoja wa kichwani huuzidi utando huo mara kumi na zaidi. Nyama mbichi haikubali kukatwa hivyo; hukunjamana mbele ya wembe. Basi hukazwa kwanza kwa fomalini, kisha maji yaliyomo hutolewa kwa kuipitisha katika spiriti inayozidi kuongezwa nguvu, spiriti nayo huondolewa kwa zailini, na mwisho nta iliyoyeyushwa kwa nyuzijoto 60 hivi huingia palipokuwa na maji. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua usiku kucha. Anayeiharakisha hupata kipande chenye kiini kibichi, kinachochanika kikikatwa.

Asubuhi mtaalamu hukilaza kinyama ndani ya kibao cha nta. Hapa ndipo ujuzi wake huanza kuonekana. Kipande cha ngozi kikilazwa ubavu usio wake, daktari hataziona tabaka zote kwa mpangilio, wala hataweza kusema kama saratani imezama chini au imeishia juu. Hakuna mashine itakayomwonyesha upande. Humwongoza jicho, na maelezo ya aliyekata. Kisha hukata utepe kwa mikrotomu, akizuia pumzi kwa sababu pumzi yenyewe inatosha kuupeperusha, huuelea juu ya maji ya uvuguvugu hadi mikunjo inyooke, na kuunasa kwa kioo. Hufuata rangi mbili: hematoksilini, itokanayo na moyo wa mti wa Amerika ya Kati, hukipa kiini cha seli buluu ya zambarau, eosini huipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Baada ya hapo tu ndipo daktari bingwa wa patholojia huketi mbele ya hadubini. Asiporidhika huagiza vipande vya chini zaidi au rangi nyingine, na siku huongezeka.

Hata hivyo, nikiulizwa siku nyingi hupotelea wapi, sitainyoshea mashine kidole. Hupotea kinyama kinapokaa kabatini kikisubiri vingine ili visafirishwe pamoja, na fomu inapofika bila umri wa mgonjwa wala mahali kilipotoka. Barabara ya Lamadi kuelekea Mwanza, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando yenye maabara ya patholojia, si tatizo kubwa kuliko chupa inayopita juu yake.

Tuizungumze chupa hiyo, kwa kuwa kazi ya maabara huanzia chumba cha upasuaji. Nyama huanza kuharibika mara tu inapotengwa na damu, na joto la Simiyu haliisaidii. Fomalini hupenya polepole, takribani milimita moja kwa saa, tena mwendo hupungua kadiri inavyozama. Kwa hiyo titi zima lililotupwa ndani ya ndoo bila kupasuliwa litafika likiwa limekauka nje na kuoza ndani, palepale penye uvimbe. Dawa iwe mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Maji ya chumvi ya dripu hayahifadhi kitu. Hukipa tu muuguzi utulivu wa kudhani kwamba amehifadhi. Chupa ya mdomo mwembamba nayo ni mtego: nyama huingia ikiwa laini, hukakamaa humo, na haitoki mpaka chupa ivunjwe. Jina liandikwe ubavuni mwa chombo, si kifuniko, maana vifuniko hubadilishana wenyewe mezani. Tena kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi huyeyuka. Na tezi inayoshukiwa kuwa na kifua kikuu igawanywe mara mbili, kipande kimoja kibaki bila fomalini: dawa hiyo huua vimelea, na vilivyokufa havioteshwi.

Katika mkoa huu kuna jambo jingine linalozipa slaidi uzito wa pekee, nalo ni kichocho. Bara la Usukuma, mbali kidogo na ziwa, ndiko kichocho cha mkojo kilikojikita: kwenye malambo wanakonyweshwa ng'ombe na kuogelea watoto, na kwenye majaruba ya mpunga. Mayai ya minyoo hiyo, yenye mwiba mwishoni, hukwama katika ukuta wa kibofu kwa miaka mingi na kuuchokoza. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kimelea hiki katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya binadamu. Mayai hayohayo hufika kwenye mlango wa kizazi, na mwanamke mwenye damu na vidonda huko huweza kutibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, na kusemwa nyumbani kwake, kabla kinyama hakijaonyesha kwamba asili ya mateso yake ni maji ya lambo. Slaidi moja humpa dawa ya prazikwanteli na kumrudishia heshima. Lakini tahadhari: yai likionekana, saratani haijakanushwa. Mawili hayo hukaa pamoja, na msomaji mwangalifu hutafuta la pili baada ya kufurahia la kwanza.

Sampuli za ukanda huu zimewahi kusafiri mbali zaidi ya Mwanza. Uvimbe wa mataya ya watoto ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliuandika Uganda mwaka 1958 ulipelekwa London ukiwa mbichi, bila fomalini, kwa sababu Anthony Epstein alitaka seli hai. Mzigo mmoja ulicheleweshwa na ukungu, ndege ikatua Manchester, na majimaji ya kichupa yakafika yakiwa na uchafu kama yaliyoharibika. Uchafu ule ulikuwa seli za uvimbe zilizo hai. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein na Barr kilitangazwa. Bahati ya namna hiyo haitokei mara mbili. Sisi na tutie fomalini.

Mtaalamu wa maabara, baada ya miaka ya kupima ubora wa slaidi zake, mara nyingi hutambua kilichomo kabla ya yeyote. Hata hivyo hasemi. Ndugu akipiga simu akiomba "hata dokezo tu," jibu ni kwamba ripoti hutiwa sahihi na daktari bingwa na kutolewa na aliyemtibu mgonjwa. Wengine huuona ukimya huo kuwa ukatili. Fikiria lakini mkulima wa pamba wa Maswa anayeuza ng'ombe wawili kwa sababu ya dokezo, kisha rangi ya ziada ikaonyesha uvimbe usio saratani.

Mgonjwa naye ana haki ya kuomba kitu kimoja siku ya majibu: nambari ya maabara, iandikwe kwenye daftari lake la kliniki. Vibao vya nta huhifadhiwa kwa miaka kwa nambari hiyo, na nta haihitaji jokofu. Ugonjwa ukirudi, au daktari akitaka kujua kama saratani ya titi itasikia dawa za homoni, kibao cha zamani hutolewa rafuni na kukatwa upya, bila mgonjwa kuguswa tena na kisu.