Meza Imevunjika, Televisheni Atalipa Nani?

Ubao wa chipubodi ukinywa maji huumuka kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kingo ndizo huanza kuvimba, hasa pale utepe wa plastiki wa pembeni unapobanduka, kisha unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi hulegea kuzunguka skrubu. Kwa nje meza bado imesimama, lakini ndani skrubu imeshika unga mtupu. Usiku mmoja mguu unaachia, na televisheni ya inchi 43 inalala kifudifudi sakafuni, kioo kimepasuka, king'amuzi kimeangukia juu yake.

Ajali ya namna hii haina ajabu yoyote katika ukanda wa kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini. Hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima, mvua za masika za Machi hadi Mei huuzidisha, na chumvi hula skrubu za chuma kimyakimya. Mbao za asili nazo si kinga. Mninga ukifanyiwa kazi ukiwa mbichi hukaukia sebuleni kwa mwenye nyumba, ulimi wa mbao unasinyaa ndani ya tundu lake, na kiungo kilichokuwa kimekaza siku ya kwanza kinaanza kucheza. Fundi anayeuza kando ya Barabara ya Bagamoyo anayajua haya yote, na ujuzi wake huo una uzito mkubwa katika sheria.

Kinachosikitisha ni kwamba wanunuzi wengi huishia kuomba mguu upigiliwe upya. Televisheni wanaihesabu kuwa bahati mbaya yao. Sivyo sheria inavyosema.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ndani ya kila mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wake, na muuzaji akawa ndiye anayefanya biashara ya bidhaa hizo, basi bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Mama anayesimama mbele ya karakana na kusema, "Fundi, nataka meza ya televisheni, na sabufa ikae chini," ameshaliweka sharti hilo kwenye mkataba. Hajaandika chochote, lakini ametaja kazi. Hata meza ambayo haijatengenezwa, iliyolipiwa malipo ya awali tu, inaingia humo, kwa kuwa sheria inazitambua bidhaa zitakazotengenezwa baadaye.

Kuna tahadhari moja. Aliyeikagua bidhaa kabla ya kununua hawezi kuilalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Mguu uliopinda waziwazi ni shida yake. Skrubu fupi iliyofichwa chini ya rangi si shida yake.

Fanicha, kwa hiyo, hupimwa ikiwa kazini, si ikiwa imesimama tupu dukani. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliagiza kurudishwa kwa makabati ya droo milioni 29 nchini Marekani baada ya kuonekana kwamba yanaweza kupinduka na kuwaua watoto yasipofungwa ukutani. Droo hufunguliwa na watoto hupanda. Mtengenezaji hawezi kusema hakulitarajia hilo.

Mbele ya masharti hayo ya sheria ndipo kauli ya "mali ikishauzwa hairudishwi" inapoanguka. Imechapwa kwenye risiti nyingi na kubandikwa kwenye kuta za maduka, na watu wanaisoma kama amri. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, hairuhusu muuzaji ajivue kwa tangazo lake masharti ambayo sheria imempa mlaji.

Sasa televisheni. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba fidia ya hasara iliyotokea kwa njia ya kawaida, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu kuafikiana kwamba ingeweza kutokea. Mzizi wa kanuni hiyo ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1854. Mwenye kinu wa Gloucester aliyeitwa Hadley alivunjikiwa na mhimili wa mashine, akampa msafirishaji Baxendale aupeleke, ukachelewa, na kinu kikalala bila kusaga. Alidai faida aliyoikosa, akaikosa mahakamani pia, kwa kuwa msafirishaji hakujua kwamba kinu kizima kilikuwa kinausubiri mhimili ule mmoja.

Ipeleke kanuni hiyo Bagamoyo. Meza iliyoagizwa kwa ajili ya televisheni ikivunjika, televisheni kuanguka ndiyo hasara ya kwanza ambayo mtu yeyote angeiwaza. Lakini mwenye kibanda umiza hawezi kudai viingilio vya siku ya Simba na Yanga, isipokuwa fundi aliambiwa mapema kwamba meza ile inabeba biashara. Na anayedai hulipwa thamani ya televisheni aliyokuwa nayo, iliyokwisha kutumika, tuseme, miaka mitatu, au gharama ya kuitengeneza ikiwa ni ndogo zaidi. Halipwi bei ya mpya.

Kesi nyingi hufia kwenye ushahidi, na mara nyingi ni kwa sababu ya usafi. Sakafu inafagiliwa, vipande vinakuwa kuni, na muuzaji anapokuja anasema, "Dada, hii ilibebeshwa mzigo," au watoto waliikalia, au iliburutwa badala ya kunyanyuliwa. Bila ule mguu wenye tundu lililovimba hakuna wa kumpinga. Vipande vihifadhiwe kama vilivyo bila kugundishwa, picha zipigwe kabla ya kugusa chochote, fundi wa pili aandike alichokiona kwenye kiungo, na fundi wa televisheni aandike kilichoharibika na gharama yake. Risiti ya EFD ni bora, lakini ujumbe wa malipo kwa simu na mazungumzo ya kuagiza meza navyo vinasema mengi.

Barua ya madai yenye kiasi na tarehe ya mwisho ya kujibu inatosha kuanza nayo, na mara nyingi mwenyekiti wa kitongoji huwapatanisha. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mali inayohamishika hadi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na mdai anaweza kujieleza mwenyewe.

Fundi wa kando ya barabara anayeshtakiwa naye ana pa kugeukia. Akiwa aliuziwa ubao kwa maneno kwamba unahimili unyevu, naye ni mnunuzi mbele ya aliyemuuzia, na Sura ya 214 ileile inamlinda, ilimradi amehifadhi risiti ya ubao ule na kipande chake.