Pai ya Nyanya Isiyo na Unga wa Ngano

Mwenyeji wetu wa Kimironko, mjini Kigali, anaishi na mama yake mzazi ambaye ana ugonjwa wa kisukari. Daktari alipomwagiza mama huyo apunguze vyakula vya wanga, nyumba nzima iliendelea na ubugari wa muhogo, ndizi na viazi vya Musanze kama kawaida, naye akawa analetewa bakuli lake la mboga pembeni. Haikuchukua muda akaanza kusingizia kwamba ameshiba, ili asikae mezani na wenziwe. Jambo hilo lilimwuma sana binti yake, akaazimia kutafuta chakula kitakacholiwa na wote kutoka sinia moja.

Alichokichagua ni pai ya nyanya, chakula kinachopendwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Huko nyanya hupangwa juu ya unga wa ngano uliokandwa kwa siagi, na hapo ndipo penye tatizo, kwani katika kila gramu 100 za unga wa ngano wanga hukaribia gramu 76. Karanga zina kama gramu 16 tu, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Basi ngano ikaachwa, karanga zikashika nafasi yake.

Tulifuatana naye hadi soko la Kimironko, kikapu mkononi, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Rwanda tangu mwaka 2008. Alinunua kilo moja ya nyanya zilizoiva lakini ngumu, kitunguu kimoja, mayai 4, gramu 150 za jibini ya Gishwati na gramu 250 za karanga. Karanga alizichambua moja moja, akizitupa zote zenye ukungu, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Muuza karanga hakufurahi.

Nyumbani alitusimulia jinsi pai yake ya kwanza ilivyogeuka mchuzi. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na yeye alikuwa amezikata na kuzitia motoni papo hapo. Safari hii alizikata vipande vyembamba, akatoa mbegu, akanyunyiza chumvi kidogo na kuziacha juu ya kitambaa safi kwa nusu saa. Kisha akazikausha kwa kitambaa kingine. Maji yaliyotoka yalijaza kikombe! Aipendaye pai yake asiifupishe kazi hii.

Karanga zilikaangwa, zikamenywa na kutwangwa hadi zikawa unga, lakini zikaachwa kabla ya kutoa mafuta. Unga huo ulichanganywa na yai moja na theluthi moja ya jibini iliyokunwa, ukashindiliwa ndani ya chombo kilichopakwa mafuta. Oveni haimo nyumbani humo. Chombo kiliwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama watu wa pwani wapikavyo mkate wa kumimina. Baada ya robo saa kitako kilikuwa kikavu na chekundu. Ndipo vikafuata kitunguu kilichokaangwa, nyanya, pilipili manga, na mayai 3 yaliyopigwa pamoja na jibini iliyosalia, vikarudi motoni kwa nusu saa. Sisi tulitaka kukata mara moja. Tulikatazwa, kwani pai ya moto humomonyoka.

Ikigawanywa vipande 6, kwa hesabu yetu kila kimoja hakifikishi gramu 20 za wanga. Hata hivyo, mgonjwa anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadili chakula chake ghafla bila kumwona daktari, kwa maana sukari ikishuka mno ni hatari vilevile.

Pai ilipoletwa, mama aliuliza bakuli lake liko wapi.

"Leo hakuna bakuli, Mama," binti yake alimjibu. "Sogea mezani."

Alisogea. Alionja, akasema chumvi imezidi, na ni kweli ilikuwa imezidi. Kisha akamwambia mjukuu wake asiguse kile kipande cha pembeni kilichoiva zaidi, maana hicho ni chake.